Hakimiliki: Nani Amshtaki Nani?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu, upande wa Kapkatet, pale ambapo barabara itokayo Litein hushuka katikati ya mashamba ya chai kuelekea Sotik. Siku moja niliingia katika duka la fotokopi ili nipate nakala za hati ya shamba la marehemu baba. Nikiwa ninangoja zamu yangu, niliona juu ya meza rundo la vijitabu vilivyobanwa kwa pini na kuvikwa majalada ya karatasi ngumu ya kijani. Nilichukua kimoja nikakifunua. Jina lililokuwa katika ukurasa wa kwanza lilikuwa langu.

Kitabu chenyewe si kikubwa. Ni mkusanyiko wa hekaya na vitendawili vya Wakipsigis nilivyovisimulia kwa Kiswahili, pamoja na maelezo machache ya lugha kwa ajili ya wanafunzi. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikitoa miaka kadhaa iliyopita, kikauzwa kidogo, kisha kikatoweka madukani. Mimi nilidhani kimekufa. Kumbe kilikuwa hai, tena kikiuzwa kwa shilingi 150 kila nakala, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye mji wa baba yangu, pasipo mimi kujua wala kupata hata ndururu.

Nilimwuliza kijana mwenye duka ni nani aliyempa ruhusa. Alicheka kwa upole, akasema kwamba mwalimu wa shule fulani ndiye aliyeleta nakala moja aliyokuwa nayo, na tangu siku hiyo wanafunzi wa shule tatu wamekuwa wakija. Nilipomwonyesha kitambulisho changu, sikuona dalili yoyote ya hofu usoni pake. Alifurahi. "Kumbe ni wewe, mwalimu! Kitabu chako kinapendwa sana hapa." Akaniongezea nakala moja ya kwenda nayo nyumbani, bila malipo.

Nakiri kwamba nilitoka pale nikiwa na hasira kubwa, na hasira ile ndiyo iliyonipeleka kesho yake Kericho mjini kumwona wakili mmoja tuliyesoma naye. Niliyoyasikia kwake, na niliyoyasikia jioni yake nyumbani, ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji, maana nimegundua kwamba watu wengi wanaoandika na kuimba katika nchi hii hawaijui sheria inayowalinda, na wale wachache wanaoijua hawajajiuliza kama wao wenyewe wako salama mbele yake.

Sheria haikosekani. Katika enzi ya ukoloni tulitumia sheria za Waingereza, ile ya 1911 na baadaye ile ya 1956. Mwaka 1966 Kenya ilitunga sheria yake, Sura ya 130, ambayo ilirekebishwa mara kadhaa kabla ya kufutwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003 na ambayo nayo imerekebishwa, hasa mwaka 2019. Tuliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 40, inaitaka Serikali itegemeze na kulinda haki za Wakenya katika mali ya akili zao. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba mwandishi wa Kenya ameachwa uchi. Haki yake huzaliwa papo hapo kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa, hata kama hajaisajili popote, na huendelea kuwapo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Wakili wangu alinieleza kwamba njia ni mbili, na kwamba zote mbili zaweza kufuatwa kwa pamoja.

Ya kwanza ni kesi ya madai. Hapa mwenye haki ndiye mlalamishi. Anaweza kuiomba korti impe mshtakiwa amri ya kuacha mara moja kunakili. Anaweza kudai fidia, au kudai kiasi ambacho mtu mwaminifu angelilipa kama angeliomba leseni tangu mwanzo. Anaweza pia kudai nakala zote haramu zikabidhiwe kwake. Sheria inaruhusu hata mahakama itoe amri ya siri, kabla mshtakiwa hajajua lolote, ili duka lake liingiwe na ushahidi uchukuliwe asije akauficha. Mlalamishi hahitaji kuthibitisha pasipo shaka yoyote. Yatosha kuonyesha kwamba madai yake yana uzito kuliko ya mwenzake.

Ya pili ni kesi ya jinai. Hapa mwandishi huwa shahidi tu, na mwenye kushtaki ni Jamhuri. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KECOBO, ina wakaguzi wenye uwezo wa kuingia dukani, kukamata mashine na nakala, na kumfikisha mhusika mbele ya hakimu. Anayepatikana na hatia ya kutengeneza nakala haramu kwa ajili ya kuuza anaweza kutozwa faini ya mamia ya maelfu ya shilingi, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Lakini huku sharti hatia ithibitishwe pasipo shaka. Na jambo ambalo sikuwahi kulifikiri hata kidogo: faini hiyo huingia katika hazina ya Serikali. Mwandishi hapati kitu isipokuwa ile ridhaa ya moyo, kama moyo wake ni wa kuridhika kwa jambo la aina hiyo.

Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwambia ninataka zote mbili. Akanitazama kwa muda. "Mkataba wako na mchapishaji uko wapi?"

Msomaji aliyewahi kuchapisha kitabu ataelewa kwa nini nilinyamaza. Mkataba ulikuwa mahali fulani ndani ya boksi, Nairobi. Nilichokumbuka ni kwamba nilitia sahihi kwa furaha, bila kusoma zaidi ya ukurasa wa pili, na kwamba mrabaha ulikoma baada ya mwaka wa tatu. Wakili akanieleza kwamba kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu isipokuwa kwa maandishi yenye sahihi ya aliyehamisha, na kwamba ikiwa katika karatasi ile nilimhamishia mchapishaji haki zangu zote, basi mimi si mwenye kesi. Aliyeibiwa ni mchapishaji. Ningeweza kusimama kortini nikalia machozi, na hakimu angeniuliza kwa adabu mimi ni nani katika shauri hilo.

Swali la nani aliye na haki ya kushtaki si la kipuuzi hata kidogo. Ukiuliza ni nani aliyetunga wimbo wa "Malaika", utatajiwa Fadhili William aliyeurekodi na kuupa umaarufu, na utatajiwa pia Adam Salim ambaye alidai mpaka uzeeni kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Nusu ya dunia imeuimba, na bado watu wanabishana. Kwa upande mwingine, mwanamuziki anayejua haki yake iko mkononi mwake haogopi ukubwa wa mtu. John Boniface Maina, yule JB Maina wa nyimbo za Kikuyu, aliishtaki kampuni ya Safaricom kwa kutumia nyimbo zake katika simu bila idhini yake, na shauri likamalizika kwa maafikiano nje ya korti. Magazeti yalitaja malipo ya zaidi ya shilingi milioni 15. Hiyo ndiyo njia ya madai inapofanya kazi vizuri.

Lakini Maina alikuwa na mshtakiwa mmoja, mkubwa, mwenye akaunti ya benki. Sisi wa mashamba ya chai tuna washtakiwa mia, na kila mmoja ana mashine moja iliyokopewa. Ingia katika kituo chochote cha magari, kuanzia Kericho mpaka Silibwet, utakuta kijana aliye tayari kukujazia nyimbo mia mbili za Kikalenjin katika flashi moja kwa bei ya sahani ya chipsi. Waimbaji wenyewe wanamjua. Wengine humpelekea wimbo mpya kwa mikono yao ili usikike kwenye matatu, wapate kualikwa harusini. Wafanye nini? Chama cha MCSK, ambacho kazi yake ilikuwa kuwakusanyia mirabaha, kiliwatumia wanachama wake takriban shilingi 2,500 kila mmoja mwaka 2019, na malalamiko yaliyofuata yanakumbukwa mpaka leo. Leseni za vyama vya namna hiyo zimekuwa zikitolewa na kuondolewa tangu 2017, na sitamchosha msomaji na kisa hicho.

Nirudi kwetu Kapkatet, maana huko ndiko kuna kesi ambayo haijawahi kufika kortini.

Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey alipita katika wilaya ya Kericho akiwa na gari na mitambo ya kurekodi. Tracey aliipenda muziki ya Waafrika kwa moyo wake wote, na alitumia maisha yake kuihifadhi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Pale Kapkatet aliwarekodi wanaume na wasichana wa Kikipsigis waliomwimbia, kwa kinubi, wimbo unaoitwa "Chemirocha". Upo kwa namna tatu, lakini ile ya tatu, ya wasichana, ndiyo iliyozunguka dunia. Ilitiwa katika santuri, kisha katika sidii, na leo wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wanaoijua Kapkatet wanaijua kwa sababu hiyo moja tu.

Kwa mwanaisimu, jina la wimbo huo ni karamu. "Chemirocha" ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huku pamoja na gramafoni za wageni. Kikipsigis hakitofautishi sauti ya j na sauti ya ch, kwa hiyo Jimmie akawa Chemi, na Rodgers akawa Rocha. Nadhani pia, ingawa sina njia ya kuthibitisha, kwamba sikio la Mkipsigis lilivutwa na silabi ya mwanzo: Che na Chep ni viambishi tunavyoviweka katika majina ya wanawake, Chebet, Chepkemoi, Chemutoi, na hivyo jina la mzungu likapata makao katika lugha bila taabu. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimweleza Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Mtu wa Mississippi aliingia Kapkatet akiwa sauti ndani ya sanduku, akatoka akiwa na kwato.

Sasa tuulize kama mawakili. Wimbo huo ni mali ya nani? Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, rekodi ya 1950 ilitoka katika ulinzi mwishoni mwa mwaka 2000. Watunzi ni wasichana, na majina yao, isipokuwa la Chemutoi Ketienya aliyeongoza, hayakutajwa. Maneno yanahusu Mmarekani, lakini hakuna hata noti moja ya Rodgers ndani yake. Mwenye mashine alikuwa Mwingereza. Kila mmoja ana kipande, na hakuna aliye na kitu kizima anachoweza kukipeleka mbele ya hakimu.

Simlaumu Tracey kwa jambo ambalo sheria ya wakati wake haikumtaka alifanye. Na nitoe heshima inapostahili: kuanzia mwaka 2014, maktaba ile ikishirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa kutoka Nairobi, rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis, zikasikilizwa na jamaa za walioziimba, na akapatikana hata mzee aliyekuwa amerekodiwa mwaka 1950 akiwa bado hai. Hakuna korti iliyowaamuru. Walitoa nakala, wakaketi chini na watu, wakasikiliza pamoja nao.

Hata hivyo ni vizuri kukumbuka kilichotokea Afrika Kusini, ambako sheria ilitumika hasa. Solomon Linda alirekodi wimbo wa "Mbube" mwaka 1939, akaachilia haki zake kwa malipo ya kijungujiko, akafariki maskini mwaka 1962 ilhali wimbo wake ulikuwa umekwisha kuwatajirisha watu wa mbali. Miaka mingi baadaye mawakili waligundua kwamba sheria ya Kiingereza ya 1911 ilikuwa na kipengele kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2004 kampuni ya Disney ilishtakiwa, na mwaka 2006 watu wa Linda wakafikia maafikiano ya kulipwa. Sheria hiyo ya 1911 ndiyo iliyokuwa ikitawala hapa kwetu pia siku ile wasichana walipoimba mbele ya kinasa sauti cha Tracey. Lakini Linda alikuwa na jina, tarehe na karatasi. Wasichana wa Kapkatet walikuwa na wimbo.

Haya yote nilikuwa nikiyawaza nikiwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani, na nakala yangu ya kijani mkononi. Jioni nilikwenda kumwamkia senge. Senge kwetu ni shangazi, dada wa baba, na huyu wangu ana umri wa miaka themanini na ushei. Alianza kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho akiwa msichana, akaacha vidole vilipokataa kukunja. Yeye ndiye aliyenisimulia hekaya tisa kati ya zile zilizomo kitabuni. Mwaka 2008, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu, nilikaa jikoni kwake siku sita na kinasa sauti kidogo, naye akasimulia huku akimenya viazi.

Nilimweleza habari za mwizi wa Litein. Nilimweleza kwa kirefu, labda kwa majivuno kidogo, njia zile mbili za sheria, faini na kifungo. Alisikiliza bila kunikatiza, kama walivyofundishwa wazee wetu. Kisha akaomba kitabu.

"Hili ni jina la nani hapa juu?"

"Ni langu, senge."

"Na langu liko wapi?"

Nilifungua ukurasa wa shukrani. Msomaji, naomba uniamini nikisema kwamba hadi dakika ile nilikuwa na hakika jina lake limo. Niliyokuwa nimeyaandika ni haya: ninawashukuru wazee wote wa Bureti. Basi. Nilimsomea hivyo hivyo.

Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Hizo shukrani mwenye kitabu huzinunua kwa bei gani kwa kilo?"

Watoto waliokuwa jikoni walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia wakili simu, nikamweleza. Hakucheka. Alisema kwamba sheria hiyohiyo niliyotaka kumtwanga nayo kijana wa fotokopi humtambua pia mtumbuizaji, yaani yule anayeimba au kusimulia, na kwamba kumrekodi mtu kwa ajili ya biashara bila idhini yake ni kosa lenye njia zilezile mbili. Kweli, maneno ya Kiswahili ya kitabu ni yangu, maana niliyaunda mimi, na sheria hulinda namna ya kusema, si kisa chenyewe. Lakini kisa sikukiunda. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2016 kuna sheria nyingine, Nambari 33 ya mwaka huo, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa sheria hiyo, hekaya za jamii ni za jamii. Anayetaka kuzitumia kwa biashara sharti apate idhini kwanza na kukubaliana juu ya manufaa. Na kila serikali ya kaunti inatakiwa kuweka rejista ya mali hiyo. "Kitabu chako kilitoka lini?" akaniuliza. Nilimwambia. "Basi tukienda kortini," akasema, "kesi ya shangazi yako ni nzuri kuliko yako."

Nimefundisha isimu miaka mingi. Nimesimama mbele ya wanafunzi nikawaeleza maadili ya utafiti wa nyanjani: mweleze msimulizi unachokifanya, mwombe idhini, andika jina lake kama anapenda liandikwe. Tena hapa Kericho hatuna udhuru wa kutokuelewa. Watafiti wa chai walipotoa ule mche wa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011, kila mkulima alielewa kwamba mche una mwenyewe. Na kuna sheria ya mbegu na aina za mimea inayomlinda mfugaji wa mche mpya kwa miaka kadhaa. Jani la chai tunalipima katika kituo cha kununulia, tunalitia katika karatasi yenye nambari ya mkulima, na mwisho wa mwaka tunalidai bonasi kwa sauti kubwa. Hekaya tunaichukua jikoni bila hata kuaga.

Nionavyo mimi, kosa letu kubwa katika mjadala wa hakimiliki ni kuukabidhi kwa polisi. Kila baada ya muda husikika kwamba maduka yamevamiwa, mashine zimechukuliwa, vijana wamepandishwa kwenye lori. Jinai ina mahali pake. Yuko mtu anayechapisha maelfu ya vitabu vya shule katika ghala, akaviga jalada na nembo ya mchapishaji, akaviuza kwa wazazi kama vya halali. Huyo afungwe, na sitamtetea. Lakini kijana wa Litein hakuiga jalada langu. Alitoa kitu ambacho hakikupatikana popote, kwa watoto waliokihitaji, na hakujua kwamba pana wa kumwomba. Vipo vyombo vilivyoundwa kwa watu kama yeye, mathalan KOPIKEN inayohusika na leseni za kunakili vitabu, lakini hakuna aliyewahi kufika katika duka lake kumweleza. Mtu wa kwanza kufika angekuwa mkaguzi na pingu.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nilirudi Nairobi nikalitafuta boksi, nikaupata mkataba. Kifungu cha kumi na nne kilisema kwamba kitabu kikiisha madukani na mchapishaji asipokichapa upya ndani ya muda fulani baada ya kuombwa kwa barua, haki zitanirudia. Niliandika barua. Jibu lilikuja baada ya wiki tisa, sentensi mbili tu, likinirudishia kila kitu na kunitakia heri. Nilikuwa tena mwenye kitabu, angalau mwenye maneno yake.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Litein na karatasi iliyoandaliwa na wakili. Kijana alipoona muhuri aliogopa kwa mara ya kwanza. Nilimweleza kwamba hii ni leseni, si samansi. Anaruhusiwa kunakili kitabu, anaandika idadi katika daftari, na kwa kila nakala ananilipa shilingi 40. Yeye akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa katika jambo hili zima: je, akija mwenye duka la pili la ng'ambo ya barabara akaanza kunakili bila leseni, nitamshtaki? Maana kama simshtaki, yeye atakuwa mjinga peke yake katika mji mzima. Nilimwambia nitamshtaki, kwa kesi ya madai, na ninasema hapa hadharani kwamba nitafanya hivyo. Leseni isiyolindwa na korti ni barua ya salamu tu.

Shilingi 20 katika kila 40 ni za senge. Mwezi wa kwanza ziliuzwa nakala 31, nikamtumia shilingi 620 kwa simu. Alimwomba mjukuu amsomee ujumbe mara mbili, kisha akanipigia kuuliza ni kilo ngapi hizo.

Nimeanza sasa kutayarisha toleo la pili, na safari hii nilikwenda na fomu ya idhini kwa kila msimulizi, nikitaka kila hekaya iwe na mwenyewe. Nilimsomea senge zile tisa, moja baada ya nyingine, ili athibitishe kwamba ni zake. Nane alizikubali, akaeleza kila moja aliisikia kwa nani: kogo wake, mama yake, mjomba wa Belgut. Tulipofika kwenye ile ya zimwi na msichana wa mtungi, ambayo ndiyo walimu hupenda kuisomesha, akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, si ya Wakipsigis. Aliipata kwa mwanamke wa Kigusii waliyekuwa wakichuma naye chai katika safu moja, miaka ya sitini, na jioni wakikaa nje ya nyumba za kampuni wakisimuliana, huyu kwa Kigusii chake na yule kwa Kikipsigis chake, na Kiswahili kidogo cha kuunganisha. Jina la mwanamke huyo halikumbuki. Anakumbuka alikuwa na mtoto wa kwanza aitwaye Moraa, na kwamba alirudi kwao upande wa Nyamira mumewe alipostaafu.

Katika fomu ya hekaya hiyo, pale palipoandikwa jina la msimulizi, tumepaacha wazi. Senge anasema akimwona atamjua, na likizo ya Agosti nitampeleka Nyamira tukaulize.